Watu Mbele, Shehena Nyuma

Saa kumi na nusu alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841, treni ya mizigo iliondoka Paddington, London, kuelekea Bristol. Nyuma tu ya kichwa chake, kilichoitwa Hecla, yalikuwa yamefungwa mabehewa ya abiria wa daraja la tatu. Hayakuwa na paa, na mbao za ubavuni zilipanda futi mbili tu, hata mtu aliyesimama aliweza kurushwa nje treni ikiyumba. Wengi wa abiria hao walikuwa waashi waliokuwa wakijenga jengo jipya la Bunge la Uingereza, wakirudi makwao kwa Krismasi. Baada ya mabehewa yao yakafuata ya shehena, mengi na mazito.

Karibu na mji wa Reading, reli hiyo hupita katika mkato mrefu uliochimbwa kwenye kilima cha Sonning. Mvua kubwa ilikuwa imelowesha kingo za mkato, na usiku ule udongo ukaporomoka ukafunika njia. Ilipokaribia saa moja asubuhi, giza bado halijatoka, Hecla ikajikita kwenye tope lile na kuacha njia. Kichwa kikasimama, lakini shehena haikusimama. Mabehewa ya nyuma, ambayo dereva hakuwa na namna yoyote ya kuyafunga breki kutoka alipokuwa, yaliendelea kusukuma kwa uzito wake wote, na kilichokuwa katikati ya uzito huo na kichwa cha chuma ni wale waashi. Watu 8 walikufa papo hapo, wengine 17 wakaumia vibaya, na baadaye akafa wa tisa.

Baraza la raia lililochunguza vifo hivyo lilitumia sheria ya kale ya Kiingereza iliyotaka chombo kilichoua mtu kitozwe chenyewe. Kichwa na mabehewa yakatozwa pauni 1,000. Miaka mitano baadaye Bunge liliifuta sheria hiyo ya kale, lakini hoja iliyokuwa imeibuliwa na ajali ya Sonning haikufutika: je, ni halali kumweka binadamu kwenye treni moja na mizigo?

Kwa muda mrefu jibu lililokubalika, hasa Uingereza, lilikuwa hapana. Mimi naona lilikuwa jibu la haraka. Waashi wale hawakuuawa na kuchanganywa na mizigo. Waliuawa na mpangilio wa mabehewa na kukosekana kwa breki. Nchi zilizoelewa tofauti hiyo mapema ziliendelea kubeba watu na shehena kwa treni moja kwa miaka mingi, na vijiji vyake vikabaki na reli. Zile ambazo hazikuielewa ziling'oa reli nyingi.

Mwanzoni hakukuwa na utengano wowote. Reli ya Stockton na Darlington, kaskazini mwa Uingereza, ilipofunguliwa tarehe 27 Septemba 1825, kichwa cha Locomotion kikiendeshwa na George Stephenson kilivuta msafara mmoja wa makaa ya mawe, unga na mamia ya watu. Behewa lililotengenezwa kwa ajili ya abiria lilikuwa moja tu. Wengine walikaa kwenye mabehewa ya makaa yaliyowekewa viti, na wasiopata viti walidandia juu ya makaa yenyewe. Sherehe ilipokwisha, kampuni iliendelea kuvuta makaa kwa mvuke, huku abiria wakisafirishwa juu ya reli hizo hizo kwa mabehewa ya kukokotwa na farasi hadi mwaka 1833. Kwa hiyo hata reli iliyoanza kwa kuchanganya kila kitu iliishia kuwapa watu farasi na makaa ikayapa mtambo.

Reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa Septemba 1830, ilijengwa kwa matumaini ya kubeba pamba na bidhaa za viwandani. Waliojitokeza kwanza ni abiria, tena kwa wingi ambao wakurugenzi hawakuutarajia. Treni za mizigo zilianza baadaye, mwishoni mwa mwaka huo. Mahali penye watu wengi na mizigo mingi kiasi hicho, kuvitenga ni jambo la kawaida kabisa: kila treni hujaa bila kuhitaji kusaidiwa na nyingine. Wenye pesa walipewa treni ya kasi iliyo yao. Maskini ndiye aliyebaki kufungwa kwenye mizigo, kwa kuwa kampuni nyingi zilimwona hana faida ya kumtengea treni yake. Hivyo ndivyo waashi wa Bunge walivyojikuta Sonning saa ile.

Mwaka 1844, William Gladstone akiwa mkuu wa Bodi ya Biashara, Bunge likapitisha sheria iliyoagiza kila reli mpya ya abiria iwe na walau treni moja kila siku ya kazi kwa ajili ya watu wa daraja la tatu: mabehewa yenye viti na kinga dhidi ya mvua, mwendo usiopungua maili 12 kwa saa vituo vikihesabiwa, na nauli isiyozidi peni moja kwa maili. Ni sheria niiheshimuyo sana, kwani ndiyo iliyompatia mfanyakazi wa kawaida heshima yake njiani. Ila breki haikuigusa.

Suala la breki lilingoja hadi Marekani, ambako mwaka 1869 George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo, na miaka michache baadaye akaiboresha ili ijifunge yenyewe. Kazi yake ni hii. Bomba moja hupita chini ya mabehewa yote kuanzia kichwani hadi mkiani. Maadamu bomba lina mgandamizo, magurudumu yako huru. Mgandamizo ukipungua, iwe kwa mkono wa dereva au kwa sababu bomba limekatika, breki za kila behewa hujibana. Treni ikikatika vipande viwili, vyote viwili husimama. Breki ya ombwe, iliyopendwa zaidi Uingereza na katika makoloni yake, hufuata kanuni hiyo hiyo kwa njia ya kinyume: hewa hunyonywa kutoka bombani, na ikirudi kuingia ndipo breki hubana.

Kanuni hiyo ilipaswa kumaliza ubishi wa Sonning. Behewa la magogo likiwa kwenye bomba moja na behewa la abiria, halimsukumi mtu yeyote. Linasimama pamoja naye. Tarehe 12 Juni 1889, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili iligawanywa mlimani karibu na Armagh, Ireland, na kipande cha nyuma kikateleza kurudi chini hadi kikagongana na treni nyingine iliyokuwa ikipanda. Watu wapatao 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huo huo Bunge likalazimisha breki zinazojifunga zenyewe kwenye treni zote za abiria.

Treni za abiria peke yake. Mabehewa ya shehena ya Uingereza hayakuguswa, na mengi yaliendelea bila bomba la breki hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Matokeo yake, behewa la shehena halikuweza kufungwa kwenye treni ya abiria bila kurudisha hatari ileile, na wakaguzi wa serikali wakawa wakali, kwa haki kabisa, dhidi ya kila kampuni iliyojaribu. Njia ndogo nyingi za mashambani, zenye abiria 20 asubuhi na behewa moja la mbolea kwa wiki, zililazimika kuendesha treni mbili pungufu badala ya moja iliyojaa. Malori yalipokuja, hesabu zao zilikuwa zimekwisha kuwa mbaya. Sidai kwamba breki peke yake ndiyo iliyoua reli za vijijini, ila ilizinyima njia ya kujitetea.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 1893 ilizitaka kampuni za reli ziweke breki za upepo na viunganishi vya kujifunga hata kwenye mabehewa ya mizigo. Hapo ikawa rahisi kufunga behewa moja la abiria mkiani mwa treni ya mizigo na kulipeleka popote. Njia fupi za kusini na magharibi ziliishi hivyo kwa miongo mingi, kiasi kwamba mwaka 1947 Lucius Beebe aliziandikia kitabu kizima. Reli ya Georgia ilikuwa na sababu ya pekee ya kung'ang'ania: hati iliyoianzisha karne ya 19 iliipa nafuu ya kodi mradi ibebe abiria, kwa hiyo iliendelea na treni zake za mchanganyiko hadi mwaka 1983, miaka 12 baada ya serikali kuwaondolea wengine wengi mzigo wa abiria kwa kuunda shirika la Amtrak.

Afrika Mashariki tulirithi mchanganyiko kwa lazima ya mazingira. Reli ya Uganda, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, ilikuwa njia moja ya upana wa mita moja ikipita nchi kubwa yenye stesheni chache. Treni ya mchanganyiko ilikuwa sehemu ya kawaida ya ratiba yake. Baadaye, kwenye Reli ya Kati, dagaa na mawese ya Kigoma viliendelea kusafiri na wenyewe. TAZARA ni mfano ninaoupenda zaidi. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ipate bandari isiyopitia nchi za makaburu na walowezi. Wakulima wa bonde la Kilombero hawakuwa wakisubiri shaba. Waliigeuza treni ya kawaida ya abiria kuwa soko lao, na ile fupi ya hapo bondeni, waliyoibatiza Kipisi, ikabeba mchele, ndizi na wachuuzi, wengi wao wanawake. Mzigo ulipita dirishani, ukajaa chini ya viti na kwenye behewa la vifurushi. Hapo abiria na mpakiaji wa shehena ni mtu mmoja, na ukimtenga na gunia lake hana sababu ya kusafiri.

Mahali ambapo mchanganyiko umefanywa kwa ustadi mkubwa zaidi ni milimani, katika jimbo la Graubünden, mashariki mwa Uswisi. Reli yao ni ya upana wa mita moja, sawasawa na Reli ya Kati na ile ya zamani ya Mombasa. Aliyeianzisha alikuwa mgeni, Willem Jan Holsboer, Mholanzi aliyewahi kuwa baharia. Alifika Davos mwaka 1867 akimuuguza mke wake kijana aliyekuwa na kifua kikuu, maana hewa ya kule juu ilisifiwa kuwa tiba. Mke akafariki. Holsboer akabaki, akajenga hoteli na makao ya wagonjwa, akachoshwa na barabara ya magari ya farasi, akaanzisha kampuni ya reli. Treni ya kwanza ilitoka Landquart hadi Klosters Oktoba 1889, na mwaka uliofuata ikafika Davos, mita 1,560 juu ya usawa wa bahari.

Watu wa mabonde yale ni wachache na mahitaji yao ni ya kila siku: unga, makaa, mafuta, saruji, barua, chakula cha dukani. Kinachotoka ni magogo na, katika bonde la Vals, maji ya chemchemi. Njia karibu zote ni moja moja, treni hupishana stesheni tu. Hapo ndipo fedha na muda vinapokutana. Treni ya pekee ya mizigo inahitaji dereva wake, kichwa chake na, kigumu zaidi, nafasi yake ya kupishana katika kila stesheni. Behewa lililofungwa mkiani mwa treni ya abiria halihitaji hata kimoja cha hivyo. Linapita kwenye nafasi ambayo imekwisha kulipiwa.

Lakini lisingewezekana bila bomba. Kampuni ile, ambayo mwaka 1895 ilichukua jina la Reli ya Rhaetia, ilitumia breki ya ombwe kwenye mabehewa ya abiria na ya mizigo vilevile, hivyo behewa lolote liliweza kukaa kwenye treni yoyote. Huo ndio uamuzi ambao Uingereza haikuufanya, na ndio uliobeba kila kitu kilichofuata: njia ya Albula yenye daraja la Landwasser la urefu wa mita 65 kwenda juu, iliyofika St. Moritz mwaka 1904. Umeme uliokuwa umeenea kwenye njia zake zote za wakati huo kufikia mwaka 1922. Na mtandao ambao leo unakaribia kilomita 385. Treni za mizigo pekee zipo, nazo ni nyingi. Mchanganyiko ndio unaojaza mianya yake.

Njia ya Bernina inaonyesha kazi hiyo kwa uwazi. Ilifunguliwa kati ya 1908 na 1910 na kampuni nyingine, ikaunganishwa na Rhaetia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Inapanda hadi mita 2,253, kisha inashuka hadi Tirano, Italia, kwa mteremko wa mita 7 kwa kila mita 100, bila reli ya meno. Kwenye mteremko wa namna hiyo uzito ndio sheria. Kila tani ya magogo ni tani moja inayopungua kwa abiria, kwa hiyo anayepanga treni lazima ajue asubuhi ile kuna watalii wangapi kabla hajasema mabehewa mangapi ya magogo yaondoke. Huko Tirano treni hupita katikati ya mji, juu ya uwanja ulio mbele ya kanisa kuu la Madonna, bila uzio: mabehewa mekundu yenye watu waliobandika kamera viooni, kisha, kwenye treni ileile, magogo ya misonobari yaliyofungwa kwa minyororo, yakipita hatua chache kutoka kwenye meza za mkahawa. Magari ya barabarani husimama kuyapisha.

Kampuni ilipoagiza treni mpya za Allegra kutoka kiwanda cha Stadler, zilizoanza kazi mwaka 2010, ilikataa mtindo wa seti iliyofungwa isiyoongezeka wala kupungua. Kila seti ina mabehewa matatu, lakini imepewa nguvu za kichwa kamili, na inafanya kazi kwenye aina mbili za umeme, ule wa Bernina na ule wa mtandao uliobaki. Inabeba abiria wake, inavuta mabehewa mengine ya abiria, na ikibaki nguvu inavuta ya mizigo. Ni mtambo wa bei kubwa, nami naona bei hiyo ilistahili, kwa kuwa katika nchi za Ulaya zinazoizunguka seti zisizoweza kuvuta kitu kingine ndizo zilizokuwa zimemaliza kabisa uwezekano wa kufunga hata behewa moja la ziada.

Huko kwingine mzigo uliobaki karibu na abiria ni barua na vifurushi. Ufaransa iliendesha treni za kasi za posta, za rangi ya manjano, tangu 1984 hadi 2015 kwa kilomita 270 kwa saa. Ila hizo zilitumia njia ya abiria tu, abiria hawakuwamo. Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1990 ilijaribu CargoSprinter, treni fupi ya makontena yenye injini ndani yake, iliyokusudiwa kuungana na kuachana njiani. Jaribio lilidumu miaka michache likaachwa.

Aliyerudi kwenye mchanganyiko wenyewe ni Japani, tena kwa shida. Treni za mchanganyiko na mabehewa ya vifurushi zilikuwa zimekufa huko katika miaka ya 1980, shirika la reli la taifa likielekea kugawanywa mwaka 1987. Miaka 30 baadaye vijiji vilikuwa vimezeeka, treni ziko tupu, na madereva wa malori hawatoshi. Tangu Aprili 2024 sheria inawazuia madereva hao kuzidisha saa 960 za kazi ya ziada kwa mwaka, na kila mtu aliiona siku hiyo ikija.

Kampuni ya Hokuetsu, katika milima yenye theluji nyingi ya Niigata, ilikuwa na sababu yake ya haraka. Njia yake, iliyofunguliwa mwaka 1997, ilikuwa ikipata fedha nyingi kutokana na treni za Hakutaka zilizokimbia kilomita 160 kwa saa zikielekea Kanazawa. Tarehe 14 Machi 2015, njia ya treni za kasi, Shinkansen ya Hokuriku, ilipofika Kanazawa, Hakutaka hizo zikakoma. Reli nzuri ikabaki na treni ya behewa moja au mawili kwa ajili ya wanafunzi na wazee. Aprili 2017 kampuni ikaanza kuibebea mizigo Sagawa, kampuni kubwa ya vifurushi. Jioni, vifurushi huwekwa kwenye vitoroli vya wavu vyenye magurudumu, husukumwa ndani ya treni ya kawaida ya abiria, na kufungwa kwa mikanda mahali palipotengwa kwa kiti cha magurudumu, vikisafiri kutoka Muikamachi hadi Uragawara. Lori moja la jioni halina haja tena ya kupanda mlima ule kwenye theluji.

Mikoa mingine ikafuata: Hokkaido upande wa Wakkanai mwaka 2019, kisha Kyushu kwenye Shinkansen yenyewe. Tatizo lao wote ni moja, nalo si breki tena. Ni dakika. Shinkansen husimama stesheni kwa muda mfupi mno, na mtu hawezi kupakia masanduku 100 mlango uleule ambao abiria wanashukia. Kampuni ya Reli ya Mashariki ilifanya jaribio mwaka 2023 la kupakia kwenye karakana, kabla treni haijafika stesheni, na Machi 2025 ikatangaza hatua iliyo kubwa zaidi: seti ya Shinkansen ya mabehewa 7, ya aina ya E3, ing'olewe viti vyote, sakafu isawazishwe, ibebe hadi tani 17.4 kutoka Morioka hadi Tokyo, ikiwa imeunganishwa na treni ya abiria. Vitoroli vinaingizwa karakanani Morioka na kutolewa karakanani Tokyo, na stesheni za katikati hazingoji chochote. Samaki wa pwani ya Iwate anaweza kupakiwa asubuhi na kuliwa mji mkuu usiku huohuo, kwa njia, umeme na dereva vya treni ambayo ingekwenda Tokyo hata kama yeye hayumo.